Idi Amin: Mwanaraga wa Jinja aliyepanda kwa kujaza nafasi za wengine

Kuna hadithi moja kuhusu Idi Amin Dada ambayo imesimuliwa katika vilabu vya raga kutoka Nairobi hadi London kwa zaidi ya nusu karne. Inasema kwamba mwaka 1955, timu mashuhuri ya British Lions ilipopita Nairobi ikitoka Afrika Kusini, rais huyo wa baadaye wa Uganda alikuwa ameketi benchi kama mchezaji wa akiba wa timu ya Afrika Mashariki, akisubiri mwenzake aumie ili aingie uwanjani.

Hadithi hiyo inavutia. Kasoro yake ni kwamba si ya kweli.

Mechi yenyewe ilichezwa. Ilikuwa tarehe 28 Septemba 1955, katika uwanja wa chama cha raga cha Afrika Mashariki kando ya barabara ya Ngong, na Lions walishinda kwa alama 39 kwa 12. Lakini jina la Amin halimo katika orodha rasmi ya wachezaji, na sura yake haionekani katika picha ya timu. Zaidi ya hayo, benchi linalotajwa halikuwa na kazi yoyote, kwa kuwa sheria za raga za wakati huo hazikuruhusu mtu aliyeumia kubadilishwa mchezo ukiwa umekwisha kuanza. Mchezaji wa akiba aliitwa tu iwapo mtu alipata hitilafu kabla ya kipenga cha kwanza. Baada ya hapo, timu iliyompoteza mtu ilimaliza ikiwa na pengo lake.

Lions wenyewe walikuwa wameionja sheria hiyo majuma machache kabla ya kufika Nairobi. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Afrika Kusini, mjini Johannesburg, walimpoteza Reg Higgins kwa jeraha na wakaendelea na watu 14 dhidi ya 15. Walishinda 23 kwa 22, mbele ya umati mkubwa sana. Nahodha wao Robin Thompson naye aliikosa mechi ya tatu, na Cliff Morgan akashika uongozi. Timu iliyokuwa ziarani kwa miezi mitatu ilibidi ipange kikosi kila juma kwa kutazama kwanza nani anaweza kutembea. Ilikuwa mwaka 1968 ndipo mchezaji wa kwanza wa akiba alipoingia katika mechi ya kimataifa: Mike Gibson alichukua nafasi ya Barry John aliyevunjika mfupa wa bega mjini Pretoria. Kufikia mwaka huo Amin alikuwa tayari kiongozi wa jeshi la nchi yake.

Hata hivyo maisha ya Amin yanaonyesha kwamba kusubiri nafasi ya mwingine ibaki wazi ni jambo alilolijua vyema. Alilijifunza mahali pengine, na matokeo yake yalikuwa mazito kuliko alama za mchezo.

Kijana wa kambi ya Jinja

Vyanzo vinatofautiana kuhusu alikozaliwa, baadhi vikitaja Koboko katika Nile Magharibi na vingine Kampala, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1925 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na inasimuliwa kwamba alianzia jikoni kama msaidizi wa mpishi.

Kikosi cha Uganda katika jeshi hilo kilikuwa batalioni ya nne, na makao yake yalikuwa Jinja, pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Jinja ya miaka ya 1950 ilikuwa mji uliokuwa ukikua kwa kasi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, viwanda vikaufuata umeme, na katika mashamba ya miwa ya Kakira, kilomita chache upande wa mashariki, familia ya Madhvani ilikuwa imejenga moja ya himaya kubwa za sukari katika Afrika Mashariki. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, na ndiyo iliyomwezesha kijana kutoka Nile Magharibi kuishi na Mlango, Mwacholi na Mwitesoti katika banda moja.

Maafisa wa Kiingereza walipenda michezo na walipenda askari wanaoiweza. Amin alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93, mwenye mwili mpana na kasi isiyotarajiwa kwa mtu wa umbo lake. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960. Aliogelea. Katika raga alicheza safu ya mbele, akiwa na klabu ya Nile ya mjini Jinja, katika mchezo ambao wakati huo ulikuwa mali ya Wazungu karibu pekee. Hapa ndipo mbegu ya hadithi ya 1955 ilipopandwa: mchezaji mweusi katika safu ya Wazungu lilikuwa jambo la kukumbukwa na kuongezewa chumvi.

Utii, nguvu na ucheshi wake viliwapendeza wakubwa wake. Alipelekwa Kenya wakati wa vita dhidi ya Mau Mau, akapanda kuwa koplo mwaka 1952 na sajini mwaka uliofuata. Mwaka 1959 alipewa daraja la effendi, neno lile lile lililotupatia afande, ambalo lilikuwa ngazi ya juu kabisa aliyoweza kufikia Mwafrika katika jeshi hilo. Kwa miaka mingi dari hiyo haikuguswa na yeyote. Kisha, ghafla, ikaondolewa.

Jeshi lisilo na wachezaji wa akiba

Uhuru wa Uganda ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Waingereza walikuwa wameitawala nchi hiyo kwa karibu miaka 70, na katika muda wote huo hawakuandaa maafisa wa Kiafrika wa kuwarithi. Uhuru ulipokaribia ilibidi watafutwe kwa haraka. Mwezi Julai 1961 Amin akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni kamili. Mwingine alikuwa Shaban Opolot, mtu wa Teso. Wawili tu, kwa nchi nzima.

Udogo wa idadi hiyo ndio unaoeleza tukio lililofuata. Mapema mwaka 1962 kikosi kilichoongozwa na Luteni Amin kilitumwa kukomesha wizi wa mifugo kati ya Wakaramoja na Waturkana wa Kenya. Baada ya operesheni hiyo, uchunguzi wa wakuu wa kikoloni nchini Kenya ulionyesha kwamba wafugaji wa Kiturkana walikuwa wameteswa na kuuawa, na wengine kufukiwa wakiwa hai. Gavana Walter Coutts alilipeleka suala hilo kwa Milton Obote, aliyekuwa akijiandaa kuipokea nchi. Kumshtaki mmoja wa maafisa wawili Waafrika katika mkesha wa uhuru kulionekana kuwa aibu ya kisiasa. Obote alichagua onyo kali. Amin akabaki jeshini, na mwaka huohuo akapandishwa kuwa kapteni, kisha meja mwaka 1963.

Ni vigumu kuisoma historia ya Uganda bila kusimama hapo kwa muda. Wafugaji waliouawa hawakuwa na msemaji, na afisa aliyehusika hakuwa na mbadala.

Mwezi Januari 1964 majeshi ya Afrika Mashariki yalitikisika kwa mfululizo. Tarehe 12 yalitokea mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, na siku iliyofuata ikawa Lanet nchini Kenya. Madai yalifanana kila mahali: mishahara bora, na Waafrika kushika nafasi za maafisa wa Kiingereza. Waziri Felix Onama alipokwenda Jinja kuzungumza na askari, walimzuia kambini mpaka akakubali nyongeza ya mishahara. Obote aliita vikosi vya Uingereza kutoka Kenya kurejesha utulivu.

Viongozi watatu walijibu kwa njia tatu. Julius Nyerere alilivunja jeshi lake lote na kuanza kuandikisha jipya kutoka mwanzo. Jomo Kenyatta aliwafikisha waasi katika mahakama ya kijeshi. Obote alilipa mishahara iliyodaiwa, akawaondoa Waingereza katika uongozi, na kuwapandisha haraka Waafrika aliokuwa nao. Opolot akawa mkuu wa jeshi na Amin akawa naibu wake. Watu walioanza kama askari wa kawaida, na ambao chini ya miaka mitano kabla walikuwa wamegota kwenye daraja la effendi, sasa walikuwa na jeshi zima mikononi.

Kutoka naibu hadi rais

Nafasi iliyofuata ilipatikana mwaka 1966. Mbunge Daudi Ocheng alitaka Amin achunguzwe kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Congo, pamoja na fedha zilizoonekana katika akaunti yake ya benki. Tuhuma ziliwagusa pia Obote na baadhi ya mawaziri. Badala ya Amin kuondoka, waliondoka wengine: tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa katika kikao cha baraza, Opolot akaondolewa na baadaye kuwekwa kizuizini, na Amin akachukua uongozi wa jeshi. Mwezi Mei aliongoza shambulio dhidi ya ikulu ya Kabaka huko Mengo, na Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa katika mkutano wa Jumuiya ya Madola nchini Singapore, Amin alimpindua. Redio Uganda ilisoma sababu 18 za mapinduzi hayo, na mitaa ya Kampala ikajaa watu waliosherehekea. Bondia wa zamani aliyecheka na wananchi barabarani alionekana kuwa ahueni.

Ndani ya kambi mambo yalikuwa tofauti. Askari wa Kilango na Kiacholi, makabila yaliyohusishwa na Obote, walianza kuuawa kwa makundi. Mwezi Julai 1971 mauaji hayo yalifanyika katika kambi za Jinja na Mbarara. Kufikia mwanzoni mwa 1972 inakadiriwa kwamba askari 5,000 wa makabila hayo walikuwa wametoweka. Jinja ndipo Amin alipokuzwa na jeshi, na baadhi ya waliouawa walikuwa wamelala naye katika mabanda yale yale. Nafasi zao zilijazwa na watu wa Nile Magharibi, na wapiganaji kutoka Sudan na Congo.

Mbale: mti, kahawa na chuo

Mashariki zaidi, chini ya milima ya Wanale na Elgon, mji wa Mbale ulikuwa na sifa ya usafi na utaratibu. Mwezi Februari 1973 utawala wa Amin uliamua kuwaua hadharani watu waliotuhumiwa kuwa waasi, katika miji kadhaa kwa wakati mmoja, na wananchi wakaitwa kutazama. Nje ya Mbale, Tom Masaba, aliyekuwa kapteni jeshini, alivuliwa nguo na kufungwa kwenye mti kabla ya kupigwa risasi. Picha za tukio hilo zilisambaa duniani na hazijasahaulika.

Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 4 Agosti 1972, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Huko Jinja, Manubhai Madhvani aliwekwa kizuizini kabla ya kuikimbia nchi, na Kakira ikapoteza mafundi, wahasibu na mameneja wake. Maduka ya barabara kuu za Jinja na Mbale yaligawiwa askari na watu wao. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi, na katika jina hilo kejeli ilikuwa nyingi kuliko heshima. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, na rafu zilipokwisha hawakujua pa kuagizia nyingine. Kiwanda kinachompoteza fundi wa mitambo hakiokolewi kwa kumvisha mtu mwingine koti lake. Sukari ikawa bidhaa ya kupangiwa foleni katika nchi iliyokuwa ikiiuza nje.

Wakulima wa Bugisu waliisoma hali hiyo mapema. Kahawa yao nzuri ya mlimani iliuzwa kupitia chama cha ushirika cha Bugisu chenye makao yake Mbale, lakini malipo yalichelewa na fedha zilipoteza thamani. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia kupanda, magunia yalianza kuvuka mpaka usiku, kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, kuelekea soko la Chepkube upande wa Kenya. Magendo hayo yaliwatajirisha wachache na kuwaponza wengine kwa risasi za walinda mpaka.

Baadhi ya maamuzi yake yalidumu kuliko yeye. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka uliofuata aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu, na katika mkutano wa Lahore ikaamuliwa kujengwa vyuo vikuu viwili vya Kiislamu barani Afrika, kimoja Niger na kimoja Uganda. Cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, mwanzilishi wake akiwa uhamishoni kwa miaka tisa.

Bingwa aliyewatumia mabingwa

Akiwa rais, Amin hakuacha michezo. Alijirudisha ulingoni kupigana mbele ya kamera na Peter Seruwagi, mkufunzi wa ndondi wa taifa, pambano ambalo hakuna aliyetarajia rais alipoteze. John Akii-Bua aliposhinda dhahabu ya mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alipokelewa kishujaa, ingawa alikuwa Mlango na watu wa kabila lake walikuwa wakitoweka. Mwaka 1976 Uganda iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia michezo ya Montreal, na Akii-Bua hakupata nafasi ya kutetea medali yake. Mwaka 1978 timu ya soka ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Afrika mjini Accra, ikafungwa 2 kwa 0 na Ghana. Hadi leo wapo wanaoutaja utawala huo kuwa enzi ya dhahabu ya michezo ya Uganda, na medali hizo ni za kweli. Ziliishi sambamba na Mto Nile uliobeba maiti, ambao kwa maelezo ya manusura na waandishi wengi ulizikusanya hadi kwenye bwawa la Owen Falls mjini Jinja.

Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria waliouawa katika miaka minane kuwa si chini ya 80,000, na huenda karibu 300,000. Makadirio mengine yanafika nusu milioni. Miongoni mwao walikuwamo jaji mkuu Benedicto Kiwanuka, mwaka 1972, na mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi.

Mwezi Oktoba 1978 jeshi lake lilivamia eneo la Kagera nchini Tanzania. Vita vilipoanza kumwelemea, Amin alipendekeza vimalizwe kwa pambano la ndondi kati yake na Nyerere, mwamuzi akiwa Muhammad Ali. Nyerere hakulijibu pendekezo hilo kwa glavu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia kwanza Jinja, mji aliouanzia, lakini askari waliobaki kumlinda walikuwa wachache na wengi wao walikuwa wakitafuta njia ya kwenda kwao. Tarehe 22 Aprili majeshi ya Tanzania yalivuka kwenye bwawa na kuuteka mji, yakipokelewa kwa shangwe, na muda mfupi baadaye yakaingia Mbale.

Amin aliishi Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alipewa hifadhi kwa sharti la kujiweka mbali na siasa. Mwezi Julai 2003, figo zake ziliposhindwa kufanya kazi, familia yake iliomba arudishwe Uganda. Rais Yoweri Museveni alijibu kwamba akirudi atawajibika kwa makosa yake. Alifariki mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kusimama mbele ya mahakama yoyote, na akazikwa hukohuko, katika makaburi ya Ruwais.